Mita 10 za Isiolo

Mtaalamu wa tibamaungo aliyeiva huanza kupima kabla hajagusa saa. Mgonjwa wa kiharusi bado yuko kitini, naye keshaona mkono uliojikunja kifuani na akala zilizolika ncha upande mmoja kwa kuburuzwa. Mzee anaweza kusema anatembea vizuri. Akala hazijui adabu hiyo.

Kipimo chenyewe hakidai mashine. Korido, alama mbili sakafuni zenye mita 10 kati yake, na simu yenye saa. Mgonjwa huanza nyuma kidogo ya alama ya kwanza na kusimama baada ya kupita ya pili, ili kule kuanza na kupunguza mwendo kusiingie kwenye hesabu. Asiye na subira huharibu hapa: “Haraka, mzee, haraka!” Akapata mwendo wa mtihani, wala si wa kila siku. Fundi husema tu, “Tembea kama kawaida yako, mzee,” akanyamaza. Humfuata nyuma kidogo, upande uliolegea, mkono karibu na kiuno bila kumshika. Akitangulia, mgonjwa atafuata mwendo wake.

Mwaka 1995, Jacquelin Perry na wenzake huko California walichapisha utafiti wa watu 147 waliopata kiharusi. Aliye chini ya mita 0.4 kwa sekunde alikuwa mtu wa kutembea nyumbani. Kati ya 0.4 na 0.8 alitoka, ila kwa mipaka. Kuvuka 0.8 ndiko kulikomfungulia mtaa. Kwa hiyo sekunde 25 kwa mita 10 ni mpaka wa kuangaliwa sana.

Lakini watu wawili wanaweza kutumia sekunde 25 zilezile. Mmoja huuzungusha mguu kutoka nyongani kwa sababu wayo hauinuki. Mwingine hulirudisha goti nyuma na kulifunga ili lisimwangushe. Wa kwanza huenda akahitaji kifaa cha kushika kifundo, wa pili kazi kubwa ya goti. Wakipewa mazoezi mamoja, mmoja wao ameonewa. Saa haiwezi kuwatenganisha. Jicho linaweza, na jicho hilo hulipati kwa kukariri.

Halafu kuna Isiolo yenyewe. Korido ni laini, lakini laga, yaani mkondo wa mto wa msimu, ina mchanga unaomeza mguu. Choo cha shimo kinataka kuchuchumaa. Anayeswali anataka kusujudu na kuinuka. Kipimo cha Berg cha usawa wa mwili, kilichotoka Kanada, kina majukumu 14 na alama 56: humtaka mtu aokote kitu sakafuni, hakimtaki ainuke kutoka sakafuni. Kwa mzee wa Bulla Pesa, mtaa wa hapa Isiolo, kuinuka huko ndiko kutembea kunakoanzia, kwa hiyo mtaalamu mzuri hutandika mkeka hata kama fomu haikuuliza.

Na fimbo? Wafugaji wengi wa huku walikuwa nayo mkononi kabla ya kiharusi. Kuandika “anatembea kwa fimbo” hakutoshi. Inabidi kutazama kama uzito unaishukia au inaning’inia tu kama zamani. Kisha faili iseme yote: sekunde ngapi, fimbo ilibeba nini, miguu ilivaa nini, kama alishikwa. Akirudi mwezi ujao akiwa na viatu vipya na sekunde 20, tujue ni mguu uliopona au ni soli.