Nani Anaita Sebene?

Kama umewahi kuona bendi ikicheza na laptop imewekwa pembeni ya jukwaa, ukajiuliza yule msee aliyeinama anabonyeza nini saa zote, huyo ni mimi. Au mtu kama mimi. Zamani nilikuwa napiga besi.

Programu tunayotumia wengi ni Ableton Live, ya kampuni ya Berlin, iko sokoni tangu 2001. Ina kurasa mbili. Arrangement ni mstari: wimbo unaanzia kushoto na kuishia kulia, kama kaseti. Session ndiyo ya maana. Hapo wimbo umekatwakatwa vipande vinavyoitwa klipu. Kila ala ina safu yake ya kusimama, na kila safu ya kulala ni sehemu moja ya wimbo: besi, ngoma na kinanda vya beti viko pamoja, vya kiitikio viko chini yake. Bonyeza safu, vyote vinaingia kwa pamoja. Tena haviingii ovyo. Usipobadilisha kitu, mashine inangoja kipimo kiishe kwanza. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, kipimo cha mapigo manne ni sekunde 2. Ukiwahi kidogo, hakuna atakayejua. Ukichelewa nukta tu, unangoja karibu hizo sekunde 2 zote, na jukwaani huo ni muda mrefu sana, bana.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni kale kaalama ka kusimamisha kwenye nafasi tupu. Ukikaacha, ukibonyeza safu ambayo haina besi, besi inanyamaza. Ukikaondoa, besi ya safu iliyopita inaendelea kutembea huku wengine wakibadilika juu yake. Naweza kukesha nikiamua nani anyamaze na nani aendelee, na hiyo kwangu ni kutunga, hata kama hakuna mtu wa bendi anaiita hivyo.

Kukata wimbo vipande hakukuletwa na kompyuta. Nyimbo nyingi za benga zilitolewa kwenye santuri ndogo za 45, sehemu ya kwanza upande huu, ya pili upande ule, na mara nyingi ukigeuza ndipo magitaa yanapopamba moto. Lakini kwenye dansi lenyewe hakuna wa kugeuza santuri. Ni mpiga gitaa anayetazama watu, kisha anamtazama mpiga ngoma. Kinshasa, tangu Zaïko Langa Langa walipoleta atalaku miaka ya 1980, kuna hadi mtu wa kazi hiyo: anapiga ukelele, ngoma inamjibu, sebene inapanda.

Session ingeweza kumtumikia mtu kama huyo vizuri sana. Safu haijui inayofuata ni gani mpaka uibonyeze. Sasa sisi tumefanya nini na huo uhuru? Tunapanga safu sita, kisha tunaziagiza zijifuate zenyewe. Tangu toleo la 11, la 2021, safu nzima inaweza kupewa agizo: ukimaliza vipimo 16, nenda kwa inayofuata. Tumechukua ukurasa uliobuniwa kukwepa kaseti, tukaufanya kaseti. Na tunajisifu eti shoo iko tait.

Nilifanya hivyo mimi mwenyewe. Mwenye baa alisema analipa watu wanne, si watano, kwa hivyo mpiga ngoma wetu akaachwa na mimi nikaletewa laptop. Sikukataa. Jumamosi moja, katikati ya sebene, mama mmoja wa makamo aliacha meza yake, akavua viatu, akaingia kati. Watu wakamzunguka. Mpiga gitaa akaanza upya ile lupu yake, akanigeukia na kichwa: tuendelee. Kabla mkono wangu haujafika, vipimo 16 vikaisha. Safu ya sita ikaingia, ile ya kumalizia. Mama akasimama katikati ya sakafu, viatu mkononi, akicheka kwa aibu.

“Kijana,” mpiga gitaa aliniambia baadaye tukikunja nyaya, “hiyo kitu yako haikosei. Lakini haituskii.”

“Si mashine, mzee. Ni mimi nimeiagiza hivyo.”

“Basi iagize tena.”

Usiku huo niliondoa maagizo yote. Sebene sasa inajirudia mpaka mtu abonyeze. Ila nikagundua jicho langu linakaa kwenye skrini, si kwenye bega la mpiga gitaa, na hilo hakuna mahali pa kulibadilisha kwenye programu. Nikampigia simu mpiga ngoma. Alikuja Jumamosi iliyofuata, nikamwekea pedi ndogo ya vitufe magotini na kumwonyesha safu ya tano na ya sita. Hakuiangalia hata mara moja. Alikuwa anabonyeza nusu pigo kabla, mashine inamngojea, mpiga gitaa anacheka peke yake.

Mwenye baa bado analipa wanne. Pesa yake tunaitoa kwa yangu.