Gitaa la Besi Lenye Umbo la Fidla: Gonga Kabla ya Kulipia

Wengi tulilijua gitaa hili kwa Paul McCartney, aliyenunua Höfner 500/1 mjini Hamburg mwaka 1961. Halikuwa ghali. Isitoshe, yeye hupiga kwa mkono wa kushoto, na umbo lake limelingana pande zote mbili, kwa hiyo hata likigeuzwa halina kasoro machoni. Tangu hapo limeigwa na viwanda vingi, na mwenye fedha kidogo hupata shida ya kuchagua, maana kwa mbali yote yanafanana.

Lililo asili ni tupu ndani. Uso wake ni mbao ya sprusi, mgongo na mbavu ni mepo, kama fidla tunazoziona kwenye taarab, ila halina matundu usoni. Utupu huo ndio unaoipa noti uzito na uduara, kisha noti ikakatika upesi. Kwa hiyo usianze na amplifaya. Gonga uso kwa ncha ya kidole, kuanzia ukingoni hadi chini ya daraja. Ukisikia mlio unafifia ghafla katikati, ujue kuna gogo ndani. Gogo hurefusha noti na kupunguza ule mvumo wa spika jukwaani, na kuna wanaolitaka kwa sababu hizo. Mimi silitaki. Hata Gibson, waliotoa besi ya umbo hili mwaka 1953, walitumia mkangazi usio na uwazi na tundu la pembeni wakalichora kwa rangi tu. Ni chombo kizuri, lakini sauti yake ni nyingine kabisa.

Ukiridhika na mwili, hamia kwenye shingo, na hapa usiwe na haraka. Shingo imegundishwa, haikufungwa kwa skrubu. Tazama magurudumu mawili ya daraja la mbao: yakiwa yameshushwa hadi mwisho na nyuzi bado ziko juu sana kwenye freti ya 12, shingo imeinuka. Liache dukani hata likipunguzwa bei, kwa sababu kuing'oa na kuigundisha upya kunaweza kuzidi thamani ya gitaa lenyewe.

Daraja lililokaa upande lisikutishe. Halikugundishwa, limeshikwa na mkazo wa nyuzi tu. Piga harmoniki kwenye freti ya 12, kisha bonyeza hapohapo na upige tena. Sauti zikipishana, sogeza daraja taratibu mpaka zilingane.

Livae kwa mkanda, uachie mikono. Mwili ni mwepesi mno, na kichwa kikiwa na funguo nzito kitazama. Mkanda mpana wa ngozi husaidia.

Bakisha fedha za nyuzi bapa. Urefu unaopigwa ni takriban sentimeta 76, mfupi kuliko wa besi za kawaida, lakini nyuzi huanzia mbali, kwenye kishikio cha mkiani. Pima kutoka hapo hadi kwenye funguo ndipo ununue.