Karai Kivulini

Jua la saa saba mchana lilikuwa limeingia ndani ya karai, na matope yote yakawa yanawaka. Nilishindwa kujizuia. "Mayu, dhahabu!" Mama muoshaji hakuniangalia. Aligeuka akalipa jua mgongo, kivuli chake kikafunika karai, na ule mng'aro ukazimika wote mara moja.

"Huo ulanga, mwanangu. Dhahabu haizimiki kivulini."

Hapo ni Nyarugusu, mkoani Geita, na tangu siku ile ninauheshimu uoshaji kama ninavyoheshimu ushairi. Kabla ya karai, mawe yameshapandishwa kutoka kwenye duara, yaani shimo la mgodi, yamesagwa kwenye karasha, unga wake umeteremshwa kwa maji juu ya mwalo uliotandikwa magunia, na magunia yamekung'utwa. Kinachobaki hakihitaji tena injini, kinahitaji viganja viwili. Mama anatikisa ili kizito kizame, anainamisha kidogo ili maji yachukue kilicho chepesi, anatikisa tena. Dhahabu ni nzito kuliko maji zaidi ya mara 19. Jiwe jeupe la kwatzi halifiki hata mara 3. Tofauti hiyo anaisikia mikononi. Nilimwona akiongea na mwenzake, uso ameuelekeza kando, na mikono ikasimama yenyewe pale ilipopaswa kusimama.

Mwenye duara alikuwa amechuchumaa mbele yetu. Alidaiwa matimba ya kuegemeza shimo, alidaiwa dizeli, alidaiwa chakula cha vijana wake, na kila kilichometameta kwake kilikuwa dhahabu. Macho yake yalishaanza kulipa madeni. Mimi sikudaiwa kitu, ila furaha ya mgeni ilinipumbaza vilevile. Mama naye alikuwa na shida zake, tena pengine kubwa kuliko zetu. Lakini alizifundisha kusubiri mpaka karai limalizike, na hilo ndilo ninaloliita ufundi.

Ukitoka huku ukaelekea Shinyanga utafika Mwadui, ambako mwaka 1940 mwanajiolojia wa Kanada, John Williamson, aligundua mwamba wa almasi. Mwaka 1947 ilipatikana pale almasi ya waridi ya karati 54.5, ikawa zawadi ya harusi ya Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Ilipochongwa London zilibaki karati 23.6, na mwaka 1953 ikawekwa katikati ya ua la bruchi. Zaidi ya nusu ya jiwe ilikwenda! Nadhani mchongaji yule na mama wa Nyarugusu wangeelewana bila mkalimani, maana wote wawili wanaishi kwa kujua cha kuacha kiende.

Hata hivyo, siwezi kuusema vibaya ulanga. Ulinidanganya juu ya bei, haukunidanganya juu ya uzuri. Ule mwako niliouona ulikuwepo kweli, ukitoka kwenye jua, kwenye maji na kwenye matumaini yangu. Kimoja kati ya hivyo kikikosekana, lile ni tope tu. Kinachonitia uchungu ni kinachofuata: zebaki ya kunasia dhahabu, kisha moto wa kuichoma, na mvuke unaoharibu neva na figo za wanaouvuta, wakiwemo akina mama hawahawa. Mikono yenye akili kiasi hiki ilistahili njia salama zaidi.

Karai la mwisho liliisha jua likiwa limeinama. Mchanga mweusi ulisogea, ukaacha nyuma yake mkia wa manjano mwembamba kama uzi. Haukumeta. Ulikaa tu pale, kivulini, na rangi yake. Asubuhi nisingeuona, lakini sasa, baada ya kushinda pale kutwa nzima, koo lilinibana. Mwenye duara alinyamaza. Mama alichota maji kwa kiganja, akaumwagia polepole mara moja zaidi, ingawa ulikuwa umeshatakata.