Shokapu za nyuma

Pikapu inayoingia Kisangani kutoka Bafwasende, kwa Barabara ya Taifa Namba 4, unaijua kwa mkia wake. Ikishavuka shimo, nyuma inaendelea kunesa, utadhani bado imo shimoni. Majani ya springi ni mazima. Zilizokufa ni shokapu: mafuta yaliyokuwa yakipenya kwenye vitundu vya pistoni na kuugeuza mtikisiko kuwa joto yamevujia nje, yakashikana na vumbi jekundu.

Mwenye gari anayezibadilisha mwenyewe, uani kwake Mangobo au Kabondo, namvulia kofia, wala si kwa nguvu za mikono. Kazi yenyewe ni nati mbili kila upande. Ila mji huu uko karibu na ikweta, mvua hainyamazi muda mrefu, na kutu imeshazila nati hizo. Kwa hiyo kazi anaianza jioni ya jana yake: anasugua nyuzi kwa brashi ya waya mpaka tope kavu litoke lote, anazimwagia dizeli, anakwenda kulala. Mwenye haraka hurukia spana na bomba la kurefushia mpini, bolti ikakatika, na jioni inamkuta akitafuta wa kuchomelea.

Asubuhi anazuia magurudumu ya mbele, anapiga jeki, kisha anaiegemeza ekseli juu ya magogo. Mtu mwenye watoto haiamini jeki peke yake. Shokapu mpya haifungi kama ilivyotoka kwenye boksi. Anaisimamisha wima, anaisukuma na kuivuta, tena na tena, mpaka ule ulegevu wa hewa uishe na mkono usikie ukinzani usiokatika. Na anafunga zote mbili, hata kama moja ya zile kuukuu bado inajikaza.

Kinachonipendeza zaidi kinakuja mwisho. Gari likiwa juu, nati anazishikiza tu. Bushi za mpira zikibanwa ekseli ikining'inia, gari likishuka zitabaki zimejisokota, zipasuke mapema. Basi anashusha magurudumu chini, anajilaza tena mgongo matopeni, ndipo anakaza kabisa. Wapo mafundi wa gereji wanaoiruka hatua hii.

Mbele ni habari nyingine. Pikapu za Hilux za zamani zenye tosheni baa, ile fimbo inayofanya kazi ya springi, zinakubali mikono ya nyumbani. Katika zile za kuanzia 2005, shokapu imepita katikati ya springi iliyobanwa, na springi hiyo ikifyatuka inavunja taya. Hizo anampelekea mwenye kifaa cha kuibana, na analipa bila kunung'unika.