Mkeka Ukutani: Juu ya Maonyesho ya Kazi za Wazee

Kazi ya mkono ikishatoka kwa fundi wake hukutana na mahakimu wawili. Wa kwanza ni macho ya watu. Wa pili ni matumizi. Macho huridhika upesi, lakini matumizi hayaridhiki ila baada ya siku nyingi. Maonyesho ya sanaa, kwa desturi, humwita hakimu wa kwanza na kumwacha wa pili nje ya mlango. Katika insha hii nataka kuhakiki maonyesho fulani ya mtaani ambayo mimi mwenyewe nilishiriki kuyatayarisha. Siyahakiki kwa kuwa yalikuwa makubwa, maana yalikuwa madogo. Nayahakiki kwa kuwa makosa yake ni ya namna ambayo mtu huyatenda akiwa na nia njema kabisa, na makosa ya nia njema ndiyo magumu kuyaona.

Mambo yalianza vizuri. Vijana wa mji mmoja wa pwani yetu walipatana kwenda kila Jumamosi kukaa na akina bibi wasukao mikeka, wajifunze kazi yao, kisha wachore picha kwa yale waliyoyaona. Mwisho wake picha za vijana na mikeka ya akina bibi zingewekwa pamoja katika ukumbi wa mtaa, watu wazitazame. Nilitakiwa niwe mshauri wao, nami nilikubali kwa furaha.

Msomaji asiyewahi kuketi karibu na msukaji yafaa aelezwe kazi yenyewe. Miyaa hukaushwa juani, hupasuliwa nyembamba, na sehemu yake huchemshwa katika rangi. Kisha husukwa ukili, yaani ukanda mwembamba mrefu usioonekana mwisho wake. Ukili ukitosha, huungwa ubavu kwa ubavu, ukashonwa hata ukawa mkeka. Hapo ndipo ulipo mtihani. Ukili ukiwa mpana mahali pamoja na mwembamba mahali pengine, kosa hilo halionekani wakati wa kusuka. Linangoja siku ya kuunga. Nakshi hukataa kukutana, na mkeka hukataa kulala. Kwa hiyo msukaji stadi hasuki kwa jicho tu. Husuka kwa kidole gumba, akipima upana usiku na mchana bila ya kuutazama.

Sasa niseme juu ya picha za vijana. Nyingi zilikuwa za uso. Tuliona makunyanzi yaliyochorwa kwa juhudi kubwa, mvi, mkongojo, na macho yatazamayo mbali kama mtu angojaye jahazi. Mkono wa wachoraji ulikuwa mwepesi, na rangi zilichaguliwa kwa busara. Hata hivyo, nilipozitazama zote pamoja niliona upungufu mmoja: karibu kila bibi alikuwa amekaa bure. Wanawake ambao tuliwakuta wakifanya kazi tangu asubuhi, wakibishana juu ya rangi na kuchekana, katika picha walikuwa hawafanyi lolote ila kuzeeka. Mchoraji alikwenda kwa fundi akarudi na kikongwe. Huko si kuona. Ni kukumbuka picha nyingine za wazee na kuzinakili juu ya mtu aliye hai.

Palikuwa na mchoro mmoja tofauti. Ulikuwa mdogo, wa penseli, na mchoraji wake alikuwa msichana ambaye wenzake hawakumhesabu kuwa hodari. Alichora mikono miwili tu na ukili unaotoka ndani yake. Vidole havikulingana vizuri, lakini kidole gumba kilikuwa mahali pake hasa, kimebana ukingo wa ukili kama apimaye. Nilimwuliza alivyokiona. Akanijibu kwamba hakukiona kwanza. Yeye mwenyewe alijaribu kusuka kiasi cha shibiri mbili, kazi yake ikapinda, na bibi akamshika kidole akakiweka panapotakiwa. Mchoro ule ulitoka katika kidole kabla haujafika machoni. Kwa maoni yangu ndio uliokuwa bora kuliko yote. Tuliutundika karibu na mlango, mahali ambapo watu hupita upesi.

Kosa kubwa zaidi lilihusu mkeka. Bibi mmoja, aliyekuwa mkubwa wa wote na ndiye wengine waliyemwuliza walipokwama, alituletea mikeka miwili. Wa kwanza ulikuwa na rangi tatu, umejaa nakshi. Wa pili ulikuwa mweupe mtupu, haukutiwa rangi hata chembe. Bila ya kushauriana naye tuliutundika ule wa rangi juu ya ukuta mkubwa, ukawa kama bendera ya ukumbi. Ule mweupe tuliukunja tukausimamisha pembeni nyuma ya viti.

Siku moja kabla ya kufungua, Bibi alikuja kutazama. Tulimwamkia, akaitikia, kisha akasimama mbele ya mkeka wake kwa muda mrefu. Sisi tulingoja shukrani. Akasema, "Wajukuu zangu, ushusheni huo. Mkeka huo haulali."

Tulidhani anafanya unyenyekevu, kama ilivyo ada ya watu wazima wenye adabu. Tukamwambia kwamba mkeka ni mzuri mno na kila aliyeingia ameusifu. Akatutaka tuutandike chini. Tulipoutandika, pembe moja ilinyanyuka kama mdomo wa mtu aliyechukia. Alitueleza kwamba sehemu ya mwisho ya ukili aliisuka akiwa mgonjwa, na upana ulimponyoka. Alituletea mkeka ule ili vijana waone kosa lilivyo. Mkeka wa kuonyeshwa watu ulikuwa ule mweupe. "Rangi huficha," alisema. "Mweupe hauna pa kujificha."

Hapo tulipewa somo zima la uhakiki, tena bure, na hatukulipokea. Kamati ilikaa. Mmoja alisema kwamba wageni hupenda rangi. Mwingine alisema kwamba kosa halionekani ukutani. Mimi, mshauri, nilisema maneno ya katikati yasiyokuwa na msaada. Mkeka wa rangi ukarudishwa ukutani, na chini yake pakawekwa kikaratasi kilichoandikwa, "Kazi ya wazee wetu." Siku ya ufunguzi watu walikuja wengi, waliusifu mkeka, na Bibi hakufika.

Kabla ya kusema tulivyofanya baadaye, yafaa tuvuke bahari, kwa sababu jambo hili la kutundika ukutani kitu kilichoumbwa kwa matumizi mengine si letu peke yetu. Katika jimbo la Alabama, nchini Marekani, pana mahali paitwapo Gee's Bend, penye kona ya mto. Wenyeji wake ni wajukuu wa watumwa, na wengi wao hadi leo huitwa Pettway, jina la mwenye shamba aliyewamiliki wazee wao. Wanawake wa huko, kwa vizazi vingi, wameshona mablanketi ya viraka kwa nguo kuukuu ili watoto wao wasife kwa baridi. Mmoja wao, Missouri Pettway, aliyezaliwa mwaka 1902 na kufariki mwaka 1981, alifiwa na mumewe. Mwaka 1942 akashona blanketi kwa nguo ambazo marehemu alizivaa kazini. Binti yake alieleza baadaye kwamba mama alitaka kumkumbuka mumewe na kujifunika kwa mapenzi yake. Ndani ya blanketi hilo rangi ya samawati imepauka, na alama za jasho na jua zimebaki.

Mwaka 2002 mablanketi ya Gee's Bend yaliwekwa katika jumba la sanaa la Houston, na mwaka huo huo yakapelekwa New York. Yalitundikwa ukutani, na wahakiki wakayalinganisha na picha za wachoraji wakubwa wa zama zetu. Je, ukuta uliyadhulumu? Jibu langu ni kwamba ukuta uliyatendea haki nusu. Kitu kilichotandikwa kitandani hutazamwa kwa upande. Ukutani huonekana chote kwa mara moja, na mtu aliyedhani kwamba maskini hushona viraka ovyo hulazimika kuona mpango, kipimo na ujasiri. Tena majina ya washonaji yalitajwa, na wao wenyewe walisafiri wakasimulia kazi yao. Hayo ni mema. Lakini blanketi la mjane likiangaliwa kwa samawati yake tu, bila ya kujua suruali ile ilikuwa ya nani, mtazamaji ameona rangi, hajaona kilio.

Yako na mengine. Mwaka 2006 mablanketi hayo yalipata heshima ya kuchapwa katika stempu za posta za Marekani, na mitindo yake iliuzwa juu ya bidhaa mbalimbali. Mwaka 2007 baadhi ya washonaji walikwenda mahakamani wakidai kwamba hawakulipwa inavyostahili. Mwaka 2008 mashauri hayo yakamalizika. Sina haja ya kuamua hapa nani alikuwa na haki. Nataka wanafunzi waone kwamba swali la nani mwenye kazi, nani aamuaye itokee wapi, na nani apataye faida, haliko nje ya sanaa. Huingia ukumbini pamoja na msumari wa kwanza.

Mtu aweza kusema: mzee akidhoofika, si lazima vijana wamwamulie? Mfano wa Henri Matisse, mchoraji wa Ufaransa aliyezaliwa mwaka 1869, unatupa jibu. Mwaka 1941 alipasuliwa na madaktari, na tangu hapo hakuweza kusimama kwa muda mrefu mbele ya picha kama zamani. Wasaidizi wake walipaka karatasi rangi. Yeye, akiwa kitandani au katika kiti cha magurudumu, alizikata kwa mkasi. Nao walizibandika ukutani kwa pini mahali alipowaonyesha, wakizisogeza huku na huko hata aridhike. Aliendelea hivyo karibu na kufa kwake mwaka 1954. Vijana wale walimpa mikono na miguu. Hawakumnyang'anya hukumu. Tofauti baina ya kumsaidia mzee na kumtawala imo humo humo, wala si ndogo.

Narudi kwetu. Siku ya tatu ya maonyesho, yule msichana wa mchoro wa mikono aliniuliza kama ni haki kumsifu mtu kwa kazi ambayo yeye mwenyewe ameikataa. Sikuwa na jibu. Tuliushusha mkeka wa rangi, tukautoa ule mweupe nyuma ya viti, tukautandika sakafuni katikati ya ukumbi bila ya kamba ya kuuzuia. Kisha tulikwenda kwa Bibi kumwomba radhi, na kumwuliza jina lake alitaka liandikwe vipi.

Wageni wengi waliupita mkeka ule wakaenda penye rangi. Lakini akina mama wa mtaa walipoingia walivua viatu, wakapiga magoti, wakageuza ukingo na kutazama upande wa chini. Mmoja aliufuata ukili kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho, akitafuta mahali ulipoungwa, asipaone. Hao hawakusema kwamba mkeka ni mzuri. Waliuliza ni nani aliyeusuka. Bibi alikuja alasiri, akaketi juu ya kazi yake, akatazama ukuta uliobaki mtupu, akatuambia tuung'oe msumari usije ukararua nguo ya mtu.

Hukumu yangu juu ya maonyesho yale ni hii. Yalishindwa siku mbili na kufaulu siku moja. Yalishindwa, si kwa kukosa mapenzi, bali kwa sababu mapenzi yetu yalikuwa ya huruma, na huruma haipimi kazi. Kumsifu mzee kwa kuwa ni mzee ni kumwambia kwamba hatutazamii lolote kwake. Fundi haheshimiwi kwa sifa tu, huheshimiwa pia kwa kuaminiwa asemapo, "Hii siyo."

Ninyi wanafunzi mnaosoma haya, huenda siku moja mkatakiwa kutayarisha maonyesho kama hayo, yawe ya mikeka, au vyondo, au vinyago, au vyungu. Kabla ya kutafuta nyundo na misumari, ketini na mwenye kazi. Mwulizeni ni ipi aionayo bora, na kwa nini. Jibu lake liandikeni, kwa maana ndilo maelezo yatakayowekwa kando ya kazi. Mwulizeni kitu hicho hukaa wapi kikiwa nyumbani: chini, begani au jikoni, mkiweza, kiwekeni hivyo. Andikeni jina lake kama atakavyo yeye. Patanenaye mapema juu ya kuuza na kunakili. Na mkitaka kumchora, jaribuni kwanza kufanya kazi yake, hata kama ni shibiri mbili zilizopinda.

Mchoro wa yule msichana ninao ukutani kwangu, kwa idhini yake. Mkeka wa rangi Bibi aliufumua. Ukili wake mzuri aliutumia katika mkeka mwingine, na ile sehemu iliyomponyoka alitupa sisi, tujifunzie.