Feleji, Mbwa na Ndovu: Jeshi la Dwarf Fortress Linavyoundwa

Jeshi katika Dwarf Fortress huanzia tanuruni. Mchezo huu wa kompyuta, uliotolewa mara ya kwanza Agosti 2006 na ndugu wawili Wamarekani, Tarn na Zach Adams, humpa mchezaji vibete saba, wale viumbe wafupi wa ngano za Ulaya ya kaskazini, pamoja na mkokoteni wa vifaa, kisha humwachia ajenge ngome ardhini. Hakuna kibete anayeendeshwa moja kwa moja. Mchezaji hutoa amri: kikosi hiki kifanye mazoezi, kile kilinde lango, adui yule auawe. Kila kibete huitekeleza kwa wakati wake, pamoja na njaa yake, usingizi wake na hofu yake. Adui akishaonekana mlangoni, karibu kila jambo la maana limekwisha kuamuliwa miezi mingi nyuma, katika ghala, kiwanda cha mhunzi na uwanja wa mazoezi.

Kwanza huteuliwa kamanda wa wanamgambo, na chini yake makapteni. Kikosi kimoja hakizidi vibete kumi. Kila kikosi hupangiwa sare, yaani orodha ya silaha na deraya ambazo askari atajitafutia ghalani mwenyewe, na hapa ndipo majeshi mengi huharibika kimyakimya. Mchimba madini ana sururu yake, mkata miti ana shoka lake, mwindaji ana upinde wake, na kila mmoja huhesabu zana hiyo kuwa sehemu ya mavazi ya kazi. Akiandikishwa jeshini bila kuondolewa kazi ile, hubaki akivaa na kuvua, mara nyingi akiwa uchi wa silaha pale anapohitajika. Nguo za kiraia nazo zinaweza kuizuia deraya isikae mwilini. Mchezo huruhusu sare ivaliwe juu ya nguo au badala ya nguo, na chaguo la pili ndilo salama zaidi.

Ubora wa chuma huamua nani atarudi hai. Shaba hutobolewa kirahisi, chuma cha kawaida huhimili zaidi, na feleji ndiyo kinga ya kuaminika ambayo ngome inaweza kuifua kwa wingi. Lakini feleji hudai madini ya chuma, mawe ya jamii ya chokaa, na makaa tele, hivyo ngome isiyo na msitu wala makaa ya mawe hukwama. Silaha nazo hutofautiana kwa fizikia. Shoka hukata viungo, mkuki hupenya hadi kwenye moyo na mapafu, nyundo huvunja mifupa bila kuitoboa deraya. Kwa kuwa nyundo hutegemea uzito, fedha hutoa nyundo nzuri kuliko adamantini, madini ya thamani kuliko yote mchezoni, ambayo ni mepesi mno. Dhidi ya wafu waliofufuliwa na wachawi, shoka lina hatari yake: mkono uliokatwa unaweza kuinuka na kupigana peke yake.

Mazoezi hufanyika katika kambi iliyotengwa kwa kikosi. Askari hujizoeza peke yake, husikiliza mafundisho ya mwenzake aliyemzidi, au hupigana kirafiki, na njia hii ya tatu ndiyo inayokuza ustadi upesi kuliko zote. Mafundisho hupoteza muda iwapo wengi wanamsubiri mmoja asiyekuja, ndiyo maana wachezaji wazoefu huunda vikosi vidogo vidogo. Ratiba hupangwa mwezi kwa mwezi, na mwaka wa mchezo una siku 336. Kufundisha jeshi zima mfululizo ni kosa: askari huchoka rohoni, na kazi zao husimama. Nidhamu ni ustadi wa pekee wa kuzingatiwa, kwani askari mwenye mikono hodari anaweza kutimua mbio kwa woga. Lipo na jambo la kuumiza zaidi: mama mwenye mtoto mchanga huingia naye vitani akiwa amembeba. Kumwacha nje ya kikosi hadi mtoto akue ni uamuzi bora kuliko upanga wowote.

Mnyama wa vita huziba pengo la wakati. Askari huchukua miaka kuiva, lakini mbwa hukua kwa mwaka mmoja, huzaa vitoto kadhaa kwa mkupuo, na katika kanuni za mchezo hahitaji kulishwa. Mfunzaji humwandaa katika eneo la mafunzo ya wanyama, ama kwa vita ama kwa uwindaji, na uamuzi huo haubadilishwi. Kazi yake bora ni ulinzi: akifungwa kwa mnyororo karibu na lango, huwafichua wezi na magoblini, viumbe waovu wa ngano, wanaonyemelea watoto. Akikabidhiwa askari, humfuata hadi vitani, ambako humshughulisha adui kwa sekunde zile chache ambazo mwenye shoka anazihitaji. Havai deraya, kwa hiyo dhidi ya goblini aliyejihami vizuri hufa upesi. Na mbwa wakizidi mno, kompyuta yenyewe hulemewa, kwani kila kiumbe hukokotolewa njia yake.

Dubu, simba na ndovu hupatikana kwa mitego ya vizimba. Hawa hufunzwa kwa ngazi, na mafunzo yasipohuishwa mnyama hurudi polepole katika unyama wake, akiwa ndani ya kuta. Ujuzi kuhusu kila aina ya mnyama hujilimbikiza kadiri inavyofunzwa, na watoto waliozaliwa kizimbani hufugika vizuri zaidi kuliko wazazi wao. Ndovu ni silaha kubwa yenye deni kubwa. Tangu 2011 wanyama walao majani hulazimika kula malishoni, na ndovu aliyebanwa katika malisho madogo hufa kwa njaa. Ukali wake ulijulikana mapema: katika Boatmurdered, ngome iliyopokezanwa na wachezaji kadhaa mwaka 2006 na 2007, ndovu wa mwituni ndio walioogopwa kuliko adui mwingine yeyote.

Baada ya vita, kibete aliyejeruhiwa hupelekwa hospitali, ambako huhitajika maji safi, uzi, banzi na sabuni ya kuzuia maambukizi. Mnyama hapati tiba hiyo. Mbwa aliyevunjika mguu hupona mwenyewe au hubaki kilema, na mfugaji mwangalifu humwondoa kwenye kikosi, akamrudisha bandani azalishe kizazi kitakachofuata.