Mkia wa Gari: Maoni juu ya Istilahi za Kuvutia Tela

Tangu Vwawa ilipokuwa makao makuu ya Mkoa wa Songwe mwaka 2016, yameongezeka mjini humu magari makubwa ya ofisi ambayo watu wa mitaani huyaita mashangingi. Nyuma ya gari la namna hii, chini ya bampa, aghalabu hutokeza chuma kinene chenye tufe mwishoni, ambacho kazi yake ni kushika tela. Katika magari mengi chuma hicho huchomolewa wakati hakuna tela la kuvuta, na sababu zake ni za maana. Katika njia za udongo ziendazo kwenye mashamba ya kahawa ya Mbozi, gari linapovuka korongo wakati wa masika, chuma hiki hulima ardhi kama plau. Aidha huwaumiza wapita njia miundi, huziba namba ya gari, na huwatamanisha wezi. Basi hukichomoa. Lakini kikishachomolewa kiwekwe wapi, na dereva aambiwe kwa maneno gani?

Swali hili lilinifika kwa njia isiyonipa sifa. Miaka kadhaa iliyopita nilipewa karatasi ya maelekezo ya dereva, iliyotafsiriwa na ofisi moja kutoka Kiingereza, ili niipitie kabla ya kugawiwa. Niliipitia, nikasahihisha upatanisho wa ngeli na alama za uandishi, nikatia sahihi. Karatasi hiyo iliagiza kwamba chuma kihifadhiwe ndani ya gari. Dereva wetu, mtu mwangalifu asiyepuuza maandishi, alikihifadhi: alikiweka sakafuni, nyuma ya kiti chake. Tulipokuwa tukirudi kutoka Mlowo, ng'ombe wakaingia barabarani ghafla, akakanyaga breki, nacho chuma kikateleza kikampiga mwenzetu kifundo cha mguu. Alichechemea kwa majuma mawili. Hatukuwa tukienda mbio. Laiti tungekuwa tukienda mbio, nisingekuwa nikiandika habari za istilahi.

Wasomaji wasio na habari za ufundi watavumilia hesabu kidogo. Chuma chenye uzito wa kilo 8, kikiwa huru ndani ya gari linalokwenda kilometa 50 kwa saa, endapo gari hilo litagonga kitu na kusimama katika sehemu moja ya kumi ya sekunde, humpiga aliye mbele yake kwa nguvu inayolingana na uzito wa zaidi ya kilo 110. Kwa kufananisha, tufe warushalo wanamichezo wa kiume lina uzito wa kilo 7.26. Hakuna mwalimu wa michezo anayewaruhusu wanafunzi kusimama mbele ya mrushaji, ilhali sisi tulikuwa tumeketi mbele ya tufe letu bila wasiwasi wowote, kwa kuwa karatasi ilisema limehifadhiwa.

Kosa hapa si la dereva, bali la kitenzi. Kuhifadhi ni neno zuri na lenye heshima: tunahifadhi misitu na wanyamapori, msomi huhifadhi Kurani moyoni, na karani huhifadhi majalada. Katika matumizi hayo yote, maana yake ni kukilinda kitu kisipotee wala kuharibika. Walakini katika karatasi yetu, kitu kilichohitaji kulindwa hakikuwa chuma, walikuwa abiria. Aliyetafsiri alikutana na kitenzi cha Kiingereza kinachobeba pamoja maana ya kuweka, kutunza na kufunga mahali salama, akafungua kamusi, akachukua kisawe cha kwanza. Kiswahili hakina upungufu hapo. Tunacho kitenzi kufunga, na tunacho kufungia, ambacho kwa kinyambuo kimoja tu kinamlazimisha msemaji ataje mahali na chombo: kifungie wapi, kwa nini? Kitenzi kinachouliza maswali hayo ndicho kinachofaa katika maelekezo ya usalama.

Karatasi iliendelea kusema kwamba mahali pa kukiweka ni buti. Neno hili limekwisha kuzoeleka katika magari madogo, wala sina ugomvi nalo. Lakini gari tunalolizungumzia halina buti; lina sehemu ya mizigo iliyo wazi, isiyotengwa na abiria kwa ukuta wa bati. Dereva aliyetafuta buti asilione alifanya alichoweza. Laiti mtafsiri angeliona gari lenyewe, angeona pia kwamba sakafuni mwa sehemu hiyo kwa kawaida pana pete za chuma za kufungia mizigo, na kwamba chini ya kiti cha nyuma katika magari mengine pana nafasi ya vifaa, pamoja na jeki na spana. Hapo ndipo mahali pake: chini, karibu kabisa na mgongo wa kiti, kikiwa kimeviringishwa katika turubai kwa ajili ya grisi, kimekazwa kwa ukanda, wala si juu ya mizigo mingine.

Nipite haraka juu ya kosa la tatu, ambalo kila msomaji ataliona mwenyewe. Gari lililokusudiwa liliitwa gari la magurudumu manne. Hata teksi ina magurudumu manne. Jambo linalolipambanua gari hili ni kwamba nguvu za injini hufikishwa kwenye magurudumu yote, ya mbele na ya nyuma. Madereva husema foo wili, na wanaelewana. Mwenye kutaka neno la kuandika na aseme gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote, hata kama ni refu.

Linalostahili kukaliwa zaidi ni jina la chuma chenyewe. Ukilitamka jina lake la Kiingereza kwa ulimi wa Kiswahili unapata toba, na sidhani kama yupo fundi anayependa kumwambia mteja wake kwamba toba imeliwa na kutu. Karatasi iliita chuma cha kuvutia. Kisarufi hakuna kosa, kwani -ia hapa yaonyesha chombo cha kuvutia tela. Lakini masikio ya leo husikia kwanza maana ya kupendeza, kama vile mandhari ya kuvutia, au Kimondo cha Mbozi ambacho watalii hukifuata hadi huku. Mwingine angependekeza kikokoteo, kutokana na kukokota. Watumishi wa serikali wataungana nami kulikataa: limepakana mno na kikokotoo, neno litokanalo na kukokotoa, ambalo tangu mjadala wa mafao ya pensheni mwaka 2018 linasikika kwa uchungu wa pekee.

Mtaimbo je? Gari hilohilo hubeba mtaimbo wa kubandulia mawe, na haifai vyuma viwili katika sanduku moja kugombea jina moja. Wapo waliopendekeza nira, kwa kuwa Mbozi ni nchi ya maksai na kila mtoto anaifahamu. Nayo haifai, maana nira huunganisha ng'ombe na ng'ombe. Kinachomuunganisha ng'ombe na plau ni mnyororo.

Jina la hatari kuliko yote ni ndoano, ambalo karatasi ililitumia katika aya ya pili kana kwamba ni kisawe cha lile la kwanza. Ndoano zipo katika magari haya, zimefungwa kwenye chasisi kwa ajili ya kukwamulia gari lililozama matopeni. Tufe la tela si ndoano. Limeundwa kuvuta mzigo unaofuata kwa utaratibu, wala halikuundwa kuhimili mshtuko wa kamba inayokazwa ghafla na gari linaloondoka kwa nguvu. Likikatika huruka pamoja na kamba. Huko Australia, ambako magari ya aina hii ni mengi, watu wamekufa kwa namna hiyo. Dereva aliyesoma kwamba tufe ni ndoano, akatumbukia matopeni, ataifunga kamba yake hapohapo. Tena lugha ilikwisha kututenganishia kazi hizi kabla ya magari kuja: kuvuta, kukokota, kuburuta, kukwamua, kunasua. Mtafsiri alizikusanya zote katika kuvuta, akamwachia dereva azichambue akiwa ndani ya matope.

Nilipokwenda kuuliza katika gereji moja karibu na barabara kuu iendayo Tunduma, fundi hakusita. Alisema, "Mzee, huo ni mkia." Nilidhani ni mzaha, nikarudi nyumbani. Baada ya kufikiri nimeona kwamba ndilo jina bora kuliko yote yaliyonijia. Watumiaji wa reli husema kichwa cha treni, na madereva wa malori ya semi husema kichwa kwa sehemu ile inayovuta. Basi mkia kwa upande wa nyuma unaingia katika ukoo uliokwisha kuwapo. Najua litasemwa kuwa ni neno la mzaha lisilofaa katika maandishi rasmi, hasa wakati huu ambapo, kufuatia marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria, na huenda siku moja chombo hiki kikatajwa katika kanuni za usalama barabarani. Lakini hakuna anayecheka tunaposema shingo ya chupa, meno ya msumeno au mdomo wa birika. Kwa ukamilifu tuseme mkia wa tela, na pale inapobidi kupambanua, mkia wa kuchomoa.

Kwa mujibu wa haya, aya iliyomwumiza mwenzetu tuliiandika upya hivi: "Usipokuwa na tela, chomoa mkia. Toa kibanio kwanza, kisha pini. Ufungie mkia kwa ukanda kwenye pete za sakafuni, nyuma ya kiti cha mwisho, usiache nafasi ya kuteleza. Rudisha pini na kibanio mahali pake ili visipotee. Kamba ya kukwamulia gari isifungwe kwenye tufe kamwe." Aya hii ni ndefu kuliko ile ya kwanza, na dereva wetu aliisoma mara moja tu kabla ya kwenda kutafuta ukanda.

Limebaki jambo moja ambalo sijalitatua. Ule mfuko wa chuma uliochomelewa chini ya gari, wenye tundu la mraba la milimita 50 hivi, ambamo mkia huchomekwa na kuzuiliwa kwa pini, niliupendekezea jina la ala, kama ala ya kisu au ya upanga. Kwani kuchomeka na kuchomoa ni vitenzi vya ala tangu zamani. Nilipolijaribu neno hilo kwa wanafunzi wa kidato cha nne, karibu wote walidhani nazungumzia ala za muziki. Mafundi kwa upande wao wanasema bomba, na wakiulizwa ni bomba lipi wanaonyesha kwa kidole. Kidole hakiwezi kuandikwa katika kijitabu cha Tafsiri Sanifu. Msomaji mwenye jina linalofaa, hasa kutoka kwa mafundi wa Mbeya, Makambako au Dar es Salaam, analiombwa.